Msimamizi aliyeandika siri ya bi harusi: kisa cha Harper, Lance na Mia

Harper Stewart ni mwandishi kijana anayeishi Chicago. Riwaya yake ya kwanza, Unfinished Business, bado haijafika madukani lakini imeshachaguliwa na klabu ya vitabu ya Oprah Winfrey, bahati ambayo mwandishi mchanga wa Marekani wa miaka ile angeiota tu. Wikiendi hiyo anasafiri kwenda New York kumsimamia rafiki yake wa chuoni, Lance Sullivan, nyota wa futiboli ya Kimarekani, anayemuoa Mia Morgan aliyekuwa naye tangu enzi za masomo.

Ndani ya riwaya hiyo, chini ya majina ya kubuni, kuna usiku mmoja wa zamani ambao mhusika mkuu alilala na mpenzi wa rafiki yake. Usiku huo ulitokea kweli. Mhusika ni Harper, na mwanamke ni Mia. Lance hajui lolote. Anaamini kwa moyo wote kwamba hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kumgusa mchumba wake, na imani hiyo ameifanya nguzo ya ndoa anayotaka kuifunga.

Hicho ndicho kisa cha The Best Man, filamu ya kwanza ya Malcolm D. Lee, iliyotoka Oktoba 1999. Miongoni mwa filamu za mapenzi za Wamarekani Weusi, hii ndiyo ninayorudi kwayo kila mara mazungumzo yanapofika kwenye ndoa na urafiki, kwa sababu imeyafunga mambo hayo mawili fundo moja kisha ikajaribu kulifungua ndani ya siku chache tu. Nashikilia kwamba fundo halikufunguka. Harusi ilifungwa, watu wakacheza, lakini mazungumzo yaliyohitajika yalifanywa na wanaume wawili bila mwanamke aliyehusika, na deni lile likaja kudaiwa miaka 14 baadaye.

Filamu yenyewe ilizaliwa katika wakati wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hollywood ilikuwa imegundua kwamba hadithi za vijana Weusi wa mitaa yenye magenge zinauza. Boyz n the Hood ya John Singleton ilitoka 1991, na ndani yake Morris Chestnut alikuwa Ricky, kijana mwenye kipaji cha futiboli anayepigwa risasi kabla hajayaona matokeo ya mtihani wake wa kuingilia chuo. Nia Long alikuwemo pia, kama Brandi. Miaka minane baadaye Chestnut huyo huyo ndiye Lance, na Nia Long ndiye Jordan, mtayarishaji wa televisheni mwenye kazi nzuri. Sijui kama Lee alikusudia, ila mimi nikimtazama Lance namwona Ricky aliyefika: amemaliza chuo, anacheza nafasi ile ile ya kukimbia na mpira, ana fedha, na anakwenda kuoa. Kwa mtazamaji aliyemlilia Ricky, uzito wa Lance kufika altareni akiwa hai unaanza kuhesabika kabla hata ya siri ya Harper.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa na wengine. Mwaka 1995 Waiting to Exhale, iliyoongozwa na Forest Whitaker kutoka riwaya ya Terry McMillan, iliwaonyesha wanawake wanne marafiki na misukosuko yao ya mapenzi, na wanawake Weusi wakafurika majumba ya sinema. Mwaka 1997 zikaja Soul Food na Love Jones. Kilichokuwa kimepungua ni wanaume wakikaa pamoja na kuzungumza juu ya mapenzi kwa muda mrefu, wakibishana, wakiumizana. Lee akaandika hiyo. Kampuni iliyoitengeneza ni ya binamu yake Spike Lee, 40 Acres and a Mule, jina linalotaja ekari 40 ambazo watu waliotoka utumwani waliahidiwa mwaka 1865 kisha wakanyang'anywa. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 9. Mapato yakapita milioni 30, na wiki yake ya kwanza ikashika nafasi ya juu kabisa nchini.

Sasa turudi kwenye kisa.

Kosa la Harper, nani alitendewa

Wengi wanaojadili filamu hii huanzia kwenye usiku ule wa chuoni. Mimi naona usiku ule ni sehemu ndogo. Walikuwa vijana, Lance alikuwa akichepuka waziwazi na mwanamke mmoja baada ya mwingine, Mia alijua, akaumia, na akatafuta pa kuegemea kwa mtu aliyekuwa karibu. Harper alimkosea rafiki yake, hilo halina mjadala. Lakini kosa la ujana linaweza kukaa likafa polepole kati ya watu wawili walioamua kulizika.

Harper hakulizika. Alilichukua, akaliandika, akalipeleka kwa mchapishaji. Utetezi wake ni ule wa waandishi wote: ni riwaya, watu si wao, majina si yao. Mimi ni mtu wa vitabu na naamini mwandishi ana haki ya kuchota kwenye maisha yake, la sivyo angeandika nini? Ila utetezi huo una mpaka. Msomaji wa Denver au Atlanta hatamjua Mia ndani ya kurasa. Watu sita waliokaa naye chuoni watamjua ndani ya nusu saa. Na watu hao sita ndio dunia yote ya Mia kwa wikiendi hiyo. Siri iliyokuwa ya wawili, Harper ameifanyia uamuzi peke yake, na hatuoni popote kwamba alimwendea Mia akamwambia, nataka kuandika hili, unasemaje.

Halafu akakubali kusimama. Hapa ndipo ninapomshika zaidi. Msimamizi si mtu wa kushika pete tu. Amesimama pale kama shahidi kwamba anamjua bwana harusi na anaitakia mema nyumba inayojengwa. Harper alipokea heshima hiyo akijua kitabu kiko njiani. Angeweza kumweleza Lance miezi mingi kabla, uso kwa uso, akakubali kupoteza urafiki. Angeweza kutafuta sababu ya kukataa. Alichochagua ni kutumaini kwamba kitabu kitachelewa kumfikia Lance mpaka harusi ipite, yaani alitaka rafiki yake aoe kwanza, aumie baadaye.

Kitabu kinavyotembea

Mpango huo unavunjwa na Jordan. Yeye na Harper waliwahi kupendana chuoni bila kufikia popote, na kazi yake ya televisheni imempa nakala ya mapema. Anaisoma, anajiona ndani yake, na anaanza kuizungusha. Ikifika mkono huu inaombwa na mkono mwingine. Lee ameifanya nakala hiyo moja kuwa chanzo cha hofu ya filamu nzima: kila tukiona jalada lake mezani, kitini, mkononi mwa mtu, tunahesabu umbali wake na Lance.

Jordan mara nyingi hasemwi katika lawama, kwa kuwa Nia Long amemcheza kwa akili na mvuto mkubwa. Lakini yeye alisoma mapema kuliko wote. Kama mimi na wewe tungeweza kuunganisha kurasa na watu, mwanamke mwenye akili kama ile alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kufanya hivyo. Nadhani alichokiona kwanza ni nafsi yake na Harper, biashara yao isiyokwisha, na tamaa ya kuona kama bado kuna kitu ilimfumba macho juu ya mtu mwingine ambaye kitabu kingemuumiza.

Quentin ni habari nyingine. Terrence Howard anamcheza kama mtu asiye na kazi ya kudumu, asiyeoa, mwenye ulimi usio na breki, na ndiye anayeng'amua mapema kabisa. Akishajua, anaanza kucheza na Harper mbele ya wengine, neno hapa, swali pale, hasa wanapokaa kwenye karata. Ni ukatili. Ila nimemtazama mara nyingi na nimefika mahali pa kumheshimu kwa jambo moja: ndiye pekee katika kundi asiyejifanya kwamba wote ni watu wema. Anajua tabia ya Lance. Anajua woga wa Harper. Murch, rafiki wa nne, ni mtu mpole anayeburutwa na mchumba mkali aitwaye Shelby, na wikiendi hiyo anapata ujasiri wa kumwacha. Hadithi yake ni nzuri lakini haigusi fundo letu, naipita.

Lance na mizani miwili

Usiku wa kuaga ukapera, wakati muziki umepamba moto, Lance anajitenga na kitabu. Anasoma. Tunaona uso wake ukibadilika aya kwa aya, na Chestnut hafanyi kelele yoyote mpaka kelele inapokuja. Anampiga Harper vibaya, anamburuta hadi ukingoni mwa roshani na kumning'iniza, na wenzake wanahangaika kumrudisha. Harusi, anasema, haipo tena.

Hapa filamu inamwuliza mtazamaji swali zito. Mwanaume aliyelala na wanawake wengi wakati mpenzi wake akimsubiri, anavunjika kwa sababu mpenzi huyo alilala na mtu mmoja mara moja. Lance ni mcha Mungu. Anazungumzia Biblia na usafi wa Mia kwa dhati. Lakini usafi huo anaudai kwa mtu mmoja tu. Wema wa Mia umekuwa kafara ya makosa yake: mradi Mia ni safi, yeye atasafishwa kwa kumuoa. Kwa hiyo alichokisoma ndani ya kitabu kilimwondolea njia yake ya kujisamehe, na nadhani ndiyo maana hasira ilikuwa kubwa kiasi cha kukaribia kuua. Mchumba aliyechepuka angemtia uchungu. Mchumba aliyekuwa binadamu kama yeye alimwacha bila pa kujificha.

Lee analijua hili. Amewapa wanaume wale dakika nyingi za kujifunua, na yeye hawasamehe kwa maneno yao. Sifa hiyo nampa bila kusita.

Asubuhi ya harusi

Kanisa limejaa. Wageni wamefika kutoka mbali, maua yamepangwa, bi harusi amevaa. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua nguvu ya saa kama hiyo: kadi zimetoka, fedha zimekwisha kulipwa, wazee wameketi mbele, na kila dakika inayopita inasukuma watu waseme ndiyo ili aibu isitokee. Harper, uso umevimba, anamfuata Lance. Anamwomba msamaha. Anamweleza kwamba Mia alifanya vile kwa maumivu aliyosababishiwa, na kwamba hajawahi kumpenda mwingine. Wanasali pamoja. Lance anakubali.

Kisha inakuja picha ambayo watu waliitazama filamu hii kwa ajili yake: Mia anaingia, Lance anamwona, na machozi yanaanza. Mwanaume mkubwa, mwili wa mchezaji, analia mbele ya kanisa zima bila kujificha. Mwaka 1999 picha hiyo ilikuwa adimu kwenye sinema ya Marekani, mwanaume Mweusi akilia kwa upendo na si kwa kifo.

Na nyuma yake kuna historia ndefu. Chini ya utumwa sheria haikuzitambua ndoa za watu Weusi. Mume aliweza kuuzwa jimbo moja na mke jingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, wanandoa, wengine wakiwa wameishi pamoja miaka mingi, walijipanga kwenye ofisi za serikali za kuwahudumia waliokombolewa ili ndoa zao ziandikwe. Magazeti ya watu Weusi yaliendelea kwa miongo kadhaa kuchapisha matangazo ya watu waliokuwa bado wanatafuta waume, wake na watoto waliouzwa. Kwa jamii iliyotoka huko, harusi ya kanisani inayokamilika si mapambo ya mwisho wa filamu. Naelewa kabisa kwa nini Lee hakuweza kuivunja harusi ile. Kampuni iliyoitengeneza imebeba ahadi ya 1865 kwenye jina lake, watazamaji walikuwa wamechoka kuona vijana wao wakizikwa, na hapa kuna kijana mmoja anayeoa. Ningekuwa mimi, huenda nami ningewapeleka altareni.

Lakini mazungumzo yaliyoamua ndoa hiyo hayakuwa na Mia. Harper alimsemea. Harper, mtu aliyekwisha kumwandika bila idhini, ndiye akaeleza moyo wake ulikuwaje. Lance akasamehe kitu kwa mujibu wa simulizi ya mwanaume mwingine, na hakuna aliyemtaka Lance naye aombe msamaha kwa Mia kwa wanawake wote wale. Kilichofanyika chumbani kilikuwa upatanisho wa marafiki wawili wa kiume, tena nusu upatanisho, uliobanwa na saa ya kanisa. Ndoa ikawekwa juu yake.

Mchezo wa ukumbini, kila mtu kwenye mistari akicheza wimbo wa bendi ya Cameo, unafunika hayo kwa furaha ya kweli. Harper anatumia furaha hiyo hiyo kumposa mpenzi wake Robyn mbele ya watu, siku hiyo hiyo, saa chache baada ya hayo yote. Robyn, aliyechezwa na Sanaa Lathan kwa utulivu wa ajabu, alikuwa amesubiri kwa muda mrefu mtu huyu aamue. Anakubali. Watazamaji wengi wanalia kwa furaha. Mimi hapo moyo unanisinyaa. Mwanaume ametoka kupoteza heshima yake mbele ya marafiki wote, nusu ya wikiendi moyo wake ulikuwa kwa Jordan, na anaposa kama njia ya kujithibitishia kwamba amebadilika.

Miaka 14 baadaye

Ningeweza kulaumiwa kwamba naikagua filamu ya mapenzi kupita kiasi, kama Lee mwenyewe asingeirudia hesabu hiyo. The Best Man Holiday ilitoka Novemba 2013 na waigizaji wale wale tisa. Ilitengenezwa kwa dola milioni 17 na wikiendi ya kwanza tu ikaingiza kama milioni 30, ikiikaribia filamu ya shujaa Thor iliyokuwa inaongoza. Gazeti la USA Today liliandika kichwa cha habari kikizitaja filamu za aina hii kuwa za suala la rangi, likapingwa vikali na wasomaji likabadilisha. Waliopinga walikuwa na haki. Kisa ni cha ndoa, ugonjwa na urafiki.

Na tazama anayewaita: ni Mia. Lance na Harper hawajarudi kuwa kitu kimoja miaka yote hiyo. Salamu zipo, urafiki haupo. Msamaha wa asubuhi ile ulitosha kufunga ndoa na haukutosha kitu kingine. Mia anawaalika wote nyumbani kwake kwa Krismasi, na sababu anayoificha ni kwamba ana saratani na anakufa. Anataka mume wake awe na rafiki atakapokuwa hayupo.

Harper anafika na tabia yake ya zamani. Kazi yake ya uandishi imekwama, Robyn ana mimba kubwa, fedha hazitoshi, na anapanga kuandika maisha ya Lance. Bila kumwambia. Lance anagundua, na kidonda cha 1999 kinafunguka palepale. Naiona hii kuwa sehemu ya busara zaidi katika maandishi ya Lee, kwa sababu anathibitisha kwamba tatizo la Harper halikuwa Mia wala usiku mmoja. Tatizo ni kuwachukua watu anaowapenda na kuwafanya malighafi, kisha kutumaini watamwelewa baadaye.

Tofauti ni kwamba safari hii mambo yanasemwa. Mia anazungumza na mumewe waziwazi, anamlazimisha aangalie chuki aliyoikumbatia. Krismasi Lance anacheza mechi, Mia anafariki, na baada ya mazishi ni Lance anayemzalisha Robyn kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mtoto anaitwa Mia. Kitabu cha maisha ya Lance nacho kinaandikwa, kwa ridhaa yake. Najua wapo wanaosema machozi yamezidi. Malalamiko yangu ni mengine: mwanamke aliyenyimwa sauti kwenye filamu ya kwanza amepewa sauti kwenye ya pili kwa sharti la kufa. Monica Calhoun amecheza vizuri sana katika zote mbili, na angestahili kuona Mia akiishi miaka kadhaa ndani ya ndoa ambayo hatimaye ilikuwa imesema ukweli.

Desemba 2022 msururu wa vipindi vinane, The Best Man: The Final Chapters, ulifunga hadithi. Quentin na Shelby, wawili waliokuwa wakidharauliwa zaidi mwaka 1999, wanaoana. Riwaya ya Unfinished Business inatakiwa kufanywa filamu na bado inawasumbua watu. Harper na Robyn wanaachana. Robyn amechoka kuishi kwenye nafasi inayobaki baada ya kazi ya mume wake kuchukua yake, na anayasema hayo kwa maneno yake, bila kusemewa na mtu. Nilisoma mashabiki wengi wakimlaumu kwa kuvunja nyumba. Wangeirudia ile posa ya ukumbini, wamtazame yeye badala ya kumtazama Harper, wangekuta mwanamke anayeulizwa swali kubwa kuliko yote maishani mwake mbele ya ukumbi mzima, na mtu ambaye wikiendi nzima hakuwa amemwambia kinachoendelea.